Valvu iliyofungwa chini ya valvu ya usalama: uchambuzi wa mlipuko katika kituo cha kusafirisha LNG

Utangulizi

Kisa hiki kinahusu mlipuko uliotokea tarehe 8 Juni 2022 katika kituo cha kusafirisha nje gesi asilia iliyosindikwa kuwa kimiminika, yaani LNG, kwenye pwani ya Texas nchini Marekani, upande wa Ghuba ya Mexico. Jina la kampuni, la kisiwa, la wafanyakazi waliokuwa zamu na la wachunguzi yameachwa kwa makusudi. Mtu aliyemo katika sekta hii huenda akakitambua kituo kwa tarehe peke yake, lakini andiko hili halikusudii kumshtaki yeyote. Linakusudia kuonyesha jinsi kituo kikubwa, chenye wataalamu, vifaa vya kisasa na wakaguzi wa serikali, kilivyofikia mahali ambapo bomba lililojaa kimiminika cha baridi kali lilifungwa pande zote bila njia ya kupumulia, na hakuna aliyelitambua hilo hadi lilipopasuka.

Siku tatu baada ya mlipuko huo, tarehe 11 Juni 2022, serikali ya Tanzania ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell kuhusu mradi wa LNG wa Lindi. Vijana wanaosomea uhandisi wa gesi na ufundi wa mitambo katika ukanda wetu huenda siku moja wakasimama kwenye gati la aina hii wakiwa na ufunguo wa valvu mkononi. Hao ndio ninaowafikiria zaidi ninapoandika.

Usuli: kituo, bomba na kimiminika chenyewe

Kituo kilikuwa na mitambo mitatu ya kusindika gesi, yenye uwezo wa kuzalisha takriban tani milioni 15 za LNG kwa mwaka. Kikiwa katika kasi yake ya kawaida kilipokea takriban futi za ujazo bilioni 2 za gesi kwa siku kutoka kwenye mtandao wa mabomba ya nchi kavu, na kilibeba takriban asilimia 17 ya uwezo wote wa Marekani wa kusafirisha LNG wakati huo. Ikumbukwe kwamba katika nusu ya kwanza ya mwaka 2022 Marekani ilikuwa imekuwa msafirishaji mkubwa kuliko wote duniani wa bidhaa hiyo, huku Ulaya ikihangaika kutafuta mbadala wa gesi ya Urusi.

Gesi inapofika kituoni husafishwa kwanza: hutolewa kaboni dioksaidi, maji na zebaki, kwa sababu maji na kaboni dioksaidi huganda na kuziba vifaa, na zebaki hula aluminiamu ya vipoza. Kisha hupozwa hadi takriban nyuzi 162 za Selsiasi chini ya sifuri, ambapo hugeuka kimiminika na ujazo wake kupungua takriban mara 600. Kimiminika hicho huhifadhiwa katika matangi makubwa kwa presha inayokaribiana na ya hewa ya kawaida, kisha pampu hukisukuma kupitia mabomba hadi gatini, meli inapofika.

Meli hazipo gatini saa zote, lakini bomba la kupakilia halipaswi kuachwa lipate joto. Likipata joto, kulipoza upya huchukua muda mrefu, na kupoza kwa pupa hukunja chuma na kuvuta maungio yake. Kwa hiyo hata pasipo meli, kiasi kidogo cha LNG huendelea kuzungushwa kutoka tangini hadi gatini na kurudi tangini ili bomba libaki baridi. Mzunguko huu unategemea valvu nyingi zinazofunguliwa na kufungwa kulingana na ratiba ya meli, hali ya matangi na kazi za matengenezo.

Hatari kubwa ya mfumo huu iko katika jambo moja la fizikia ambalo kila mwendeshaji hufundishwa mapema. LNG iliyofungiwa kati ya valvu mbili haiwezi kubaki ilivyo. Joto la nje hupenya, hata kama ni kidogo sana, na kimiminika hutanuka. Kikiwa kimejaa bomba zima hakina pa kutanukia, na presha hupanda bila kikomo hadi kitu kiachie. Ndiyo maana kila kipande cha bomba kinachoweza kufungwa pande zote mbili huwekewa valvu ya usalama, ambayo hujifungua yenyewe presha ikifika kiwango kilichopangwa na kutoa kimiminika au mvuke kuupeleka mahali salama.

Valvu ya usalama nayo huhitaji kupimwa kila baada ya muda. Ili ipimwe bila kusimamisha kituo kizima, chini yake huwekwa valvu ya kufungia, ambayo hufungwa wakati wa kupima na kufunguliwa kazi inapokwisha. Wakati mwingine wote lazima ibaki wazi, na kwa kawaida huwekewa lakiri maalumu inayoonyesha kwamba hairuhusiwi kuguswa bila idhini, pamoja na daftari la kumbukumbu za kila lakiri. Pasipo lakiri na daftari hilo, valvu ya kufungia inaweza kuigeuza valvu ya usalama kuwa pambo.

Bomba lililopasuka lilikuwa la kipenyo cha inchi 18, la aina yenye ombwe: bomba la ndani limezungukwa na ganda la nje, na katikati hewa imeondolewa ili joto lisipite kirahisi. Ni kihami bora sana. Lakini ubora huo una upande wake wa pili: joto likipenya polepole, mabadiliko nayo huwa ya polepole, na ganda la nje halimwambii anayepita karibu nalo chochote kuhusu kinachoendelea ndani.

Mfuatano wa matukio

Mwezi Aprili 2022 valvu ya usalama ya kipande hicho cha bomba ilifanyiwa upimaji wake wa kawaida. Kazi ilipokwisha, valvu ya kufungia iliyo chini yake haikurudishwa katika hali ya kuwa wazi. Kuanzia hapo kipande kile kilikuwa na kinga kwenye michoro na kwenye kumbukumbu za upimaji, lakini hakikuwa na kinga yoyote katika uhalisia. Kwa takriban miezi miwili hilo halikuleta madhara yanayoonekana, kwa kuwa LNG ndani ya bomba ilikuwa ikitembea, na kimiminika kinachotembea hubeba joto linalopenya na kulirudisha tangini.

Katika siku zilizotangulia mlipuko, valvu za pande mbili za kipande hicho zilifungwa. Taratibu za kazi za kituo ziliwaachia waendeshaji busara ya kuamua valvu zipi zifungwe, na hazikuwazuia waziwazi kufunga zile ambazo kwa pamoja zingeifungia LNG ndani ya bomba. Kuanzia wakati huo kimiminika kilisimama, joto likapenya kidogo kidogo, na presha ikapanda. Vipima halijoto vilikuwepo kwenye bomba, lakini kengele zake hazikuwa zimerekebishwa ili kuwatahadharisha waendeshaji kwamba halijoto ilikuwa ikipanda.

Tarehe 8 Juni, takriban saa tano na dakika arobaini asubuhi kwa saa za huko, bomba lilipasuka. LNG iliyokuwa na presha na joto kupita kiasi chake cha kuchemkia iligeuka mvuke kwa mkupuo mmoja, na kutanuka kwake kulikuwa mlipuko wenyewe, hata kabla ya moto kuwapo. Mabomba jirani na miundombinu ya umeme iliyokuwa kwenye jukwaa lilelile la mabomba viliharibiwa. Wingu la mvuke wa gesi lililosambaa likawaka na kuwa mpira mkubwa wa moto kwa sekunde chache. Moto uliobaki ulizimwa takriban dakika 40 baadaye.

Hakuna aliyejeruhiwa. Mitambo ya kusindika, matangi na magati havikuguswa.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kusimamisha kituo kizima na kutenga eneo lililoharibika, haukuwa na mjadala. Uliofuata ndio wenye mengi ya kufundisha: kampuni iliutangazia umma lini kituo kitarudi kazini. Siku moja baada ya mlipuko ilitaja muda usiopungua wiki tatu. Tarehe 14 Juni ilisema kwamba sehemu ya kazi ingerejea baada ya takriban siku 90, na kazi kamili mwishoni mwa mwaka. Sababu ya kutoa makadirio mapema inaeleweka. Wanunuzi walikuwa na meli njiani, wauzaji wa gesi walikuwa na mikataba, na soko lilikuwa likingoja neno lolote. Hata hivyo makadirio ya kwanza yalitolewa kabla chanzo hakijajulikana, na mtu asiyejua kilichovunja bomba hawezi kujua kitakachohitajika ili kulirudisha.

Wakala wa shirikisho unaosimamia usalama wa mabomba ulitoa notisi tarehe 30 Juni, ukieleza kwamba kuendelea na kazi bila hatua za marekebisho kungekuwa na hatari kwa umma, mali au mazingira. Tarehe 3 Agosti pande mbili zilikubaliana kwa maandishi. Kampuni ilikubali orodha ya hatua za marekebisho na tathmini ya wataalamu wa nje, na kuanza tena kwa kazi kukafungwa na idhini ya wasimamizi. Wakati huo lengo lilikuwa kuanza mapema Oktoba.

Kampuni pia iliajiri wachunguzi wa nje kutafuta chanzo cha msingi. Ripoti yao ilitolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, sehemu zake nyingi zikiwa zimefichwa. Walihitimisha kwamba chanzo cha moja kwa moja kilikuwa kufungiwa kwa LNG katika kipande cha bomba kisicho na kinga dhidi ya presha iliyozidi. Waliorodhesha na mambo yaliyochangia: upungufu katika utaratibu wa kupima valvu za usalama na katika mpango wa lakiri, kengele za halijoto zisizorekebishwa, na taratibu za uendeshaji zilizowaachia waendeshaji uhuru wa kufunga valvu zinazoweza kunasa LNG. Waligusia pia wingi wa kengele katika chumba cha kuongozea mitambo, pamoja na uchovu wa waendeshaji waliokuwa wakifanya kazi saa nyingi za ziada kwa sababu ya upungufu wa watu.

Baada ya ripoti hiyo taratibu za valvu na lakiri ziliandikwa upya, kengele zilirekebishwa, mafunzo yaliongezwa, na idadi ya wafanyakazi wa kituo ikaongezwa kwa zaidi ya asilimia 30.

Matokeo

Oktoba ilipita, Novemba ikapita, Desemba nayo. Kila tarehe iliyotangazwa ilisogezwa mbele, kwa kuwa ukarabati wa mabomba na umeme, ukaguzi na idhini vilikwenda hatua kwa hatua. Mwishoni mwa Januari 2023 wasimamizi waliruhusu kuanza kupoza sehemu ya mabomba ya kupakilia, na Februari meli zikaanza tena kupakia. Idhini ya kurudisha mitambo miwili katika kazi ya kibiashara ilitolewa tarehe 21 Februari 2023, na ya mtambo wa tatu tarehe 8 Machi. Wiki tatu zilizotajwa mwanzoni zilikuwa zimegeuka miezi minane na zaidi.

Soko nalo liliitikia. Tarehe 14 Juni, siku makadirio marefu yalipotangazwa, bei ya gesi nchini Marekani ilishuka kwa takriban asilimia 16, kwa kuwa gesi iliyopaswa kusafirishwa ilibaki nyumbani. Ulaya ilikuwa kinyume: bei ilipanda, lakini haki itendeke: siku hiyohiyo Urusi ilitangaza kupunguza gesi katika bomba la Nord Stream, na si rahisi kutenganisha athari ya habari moja na ya nyingine.

Uchambuzi: yaliyofanya kazi

Kutoumia kwa mtu yeyote hakupaswi kupokelewa kama ushahidi kwamba usalama wa kituo ulikuwa mzuri. Sehemu yake ni bahati: wafanyakazi wangeweza kuwa kwenye jukwaa la mabomba asubuhi ile. Lakini sehemu nyingine ni matokeo ya usanifu, na inastahili kusifiwa. Matangi, mitambo ya kusindika na magati yalikuwa yamepangwa kwa umbali uliozuia mlipuko wa eneo moja kuzaa mwingine. Anayetaka kuona thamani ya umbali huo alinganishe na Skikda, Algeria, ambako mlipuko wa Januari 2004 katika kituo cha zamani zaidi uliteketeza mitambo mitatu ya kusindika na kuua watu 27.

Uamuzi wa wasimamizi kuifunga tarehe ya kurejea kazini na hatua zilizokamilika, badala ya kalenda, nao ulifanya kazi. Katika majira ambayo Ulaya ilikuwa ikiililia kila meli ya LNG, shinikizo la kuharakisha lilikuwa kubwa, na bado kituo hakikufunguliwa hadi orodha ilipokwisha. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo lililofanywa vizuri kuliko yote katika kisa hiki.

Uchambuzi: yaliyoshindwa

Ni rahisi kusema kwamba fundi fulani alisahau kufungua valvu. Ni kweli kwamba valvu haikufunguliwa, lakini maelezo hayo hayatoshi hata kidogo. Binadamu husahau, na utaratibu wa lakiri uliwekwa kwa sababu hiyohiyo. Upimaji wa valvu ya usalama ulipaswa kuwa haujakamilika hadi mtu wa pili aende mwenyewe, aishike valvu ya kufungia, aone imefunguka, aone lakiri iko mahali pake, na aandike namba yake daftarini. Na hata hatua hiyo ikirukwa, ukaguzi wa kila mwezi wa lakiri zote ulipaswa kuikuta. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini kwa takriban miezi miwili hapakuwa na jicho lolote ambalo kazi yake ilikuwa kuiona valvu ile.

Jambo la pili ni busara ya mwendeshaji. Sipendi kuibeza, kwa sababu kituo cha LNG hakiwezi kuendeshwa kwa maandishi matupu, na mwendeshaji mzoefu huokoa mengi ambayo mwandishi wa taratibu hakuyawaza. Lakini kuna maamuzi ambayo hayapaswi kuachiwa busara, na kunasa kimiminika cha baridi kali ni mojawapo. Mwendeshaji aliyefunga valvu za kipande kile, kama aliifikiria presha, alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba valvu ya usalama ipo na inafanya kazi, maana ndivyo michoro ilivyosema. Makosa mawili, moja la Aprili na jingine la Juni, yalifanywa katika kazi mbili tofauti, na kila moja likiwa peke yake lisingelipasua bomba. Utaratibu mzuri ungemlazimisha mtu wa Juni kuthibitisha kinga kabla ya kufunga valvu ya pili. Kifaa cha kuzuia kingekuwa bora zaidi: kufuli ya kimakanika isiyoruhusu valvu zote mbili kufungwa kwa wakati mmoja.

Kengele zinanisumbua kuliko hayo yote. Vipima vilikuwepo na ndani yake habari ya hatari ilikuwepo. Halijoto iliyopanda katika bomba ambalo halipaswi kupata joto ni ishara isiyo na utata, na kwa kuwa ombwe hupunguza kasi ya joto, kulikuwa na muda wa kutosha wa kuchukua hatua. Lakini kengele ambayo haijawekewa kikomo sahihi haiwezi kumwambia mtu chochote, na chumba ambamo kengele hulia mfululizo kwa mambo madogo humfundisha mtu kuzinyamazisha. Unapomwongezea hapo saa za ziada wiki baada ya wiki, huwezi kumtaka awe kinga ya mwisho ya bomba la inchi 18. Kuongezwa kwa wafanyakazi kwa zaidi ya asilimia 30 baada ya mlipuko kunaonyesha ukubwa wa pengo lililokuwepo kabla yake, na gharama ya mishahara hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na miezi minane bila mauzo.

Kuna somo la usanifu pia, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mitambo mitatu ya kusindika ilibaki mizima, matangi yakabaki mazima, na bado kituo hakikuweza kutoa hata meli moja, kwa sababu njia ya kutoka matangini kwenda baharini ilikuwa imeharibika. Mabomba yale ni koo la kituo. Wakati wa kupanga mradi, fedha na fikra nyingi huenda kwenye mitambo ya kusindika, kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo ya kitaalamu zaidi, na mabomba ya kwenda gatini huonekana kama kazi ya kawaida ya kuunganisha hapa na pale. Kuyaweka mabomba ya mizunguko yote pamoja na nyaya za umeme kwenye jukwaa moja hupunguza gharama za ujenzi, lakini mpasuko mmoja huweza kuvichukua vyote. Wanaopitia michoro ya mradi wowote mpya wa pwani, iwe Lindi au Cabo Delgado nchini Msumbiji, wana nafasi ya kuuliza mapema ni nini kitabaki kikifanya kazi jukwaa la mabomba likipotea.

La mwisho ni ripoti yenyewe. Ilitolewa ikiwa na kurasa na aya zilizofunikwa kwa wino mweusi, kwa hoja za usiri wa kibiashara na usalama. Zipo taarifa zinazostahili kulindwa, kama vile michoro inayoweza kumsaidia mhalifu. Lakini mfuatano wa nani alipaswa kukagua nini, na kwa nini hakukagua, hauna siri ya kibiashara ndani yake, na kwa wakazi waliosikia kishindo kile majumbani mwao, na kwa waendeshaji wa vituo vingine wenye mabomba ya ombwe na valvu za kufungia kama zile, hizo ndizo aya zilizohitajika zaidi.